Matairi mapya na alaimenti: mwongozo kamili wa kuzuia gari lisile tairi

Malalamiko ni yaleyale. Mtu amenunua matairi manne mapya, amelipia alaimenti (kupimwa na kurekebishwa mkao wa magurudumu), amepewa na karatasi ya vipimo yenye rangi ya kijani. Baada ya miezi michache anainama kuangalia tairi la mbele, anakuta upande wa nje una kashata (meno ya tairi) nzuri, upande wa ndani kipara hadi nyaya zinachungulia. Anamlaumu muuza tairi, anamlaumu mwenye mashine.

Mara nyingi kosa liko kwenye mpangilio wa kazi. Alaimenti hupima gari likiwa limesimama. Gari lenye bolijointi (kiungo cha mviringo kinachoshikilia gurudumu) iliyolegea linaweza kusimama vizuri kwenye mashine na kutoa vipimo safi, kisha likianza kutembea magurudumu yakakaa mkao mwingine kabisa. Kwa hiyo utaratibu ni huu: soma tairi la zamani, ondoa ulegevu, funga tairi jipya, weka upepo, ndipo upime.

Mfano tunaoufuata ni gari dogo la Kijapani la kuendeshwa na magurudumu ya mbele: IST, Vitz, Passo, Fielder na wenzao. Kwenye magari haya, marekebisho ya kiwandani yapo kwenye tou ya mbele tu, yaani mwelekeo wa magurudumu, tutakaoueleza hapa chini. Nyuma kuna ekseli moja isiyo na pa kukazia wala kulegezea. Mwenye Mark X, Crown au Prado ana boliti za ziada za kurekebisha, na tutazigusa pale inapobidi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Geji ya upepo iliyo yako mwenyewe. Geji za vituo vya mafuta zinaangushwa kila siku.
- Tochi, chaki nyeupe, msumari mrefu na tepu ya chuma ya kupimia.
- Jeki, stendi mbili, mawe mawili ya kuzuia magurudumu, spana ya tairi.
- Mtaimbo mfupi wa kujaribia bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari).
- Namba ya chasi na kodi ya modeli (herufi na namba za aina ya gari), kwa mfano NCP60. Ipo kwenye kibati ndani ya boneti.
- Pesa ya akiba nje ya bei ya tairi, balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu) na alaimenti. Bushi au tairodi endi (kiungo cha nje cha tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu) mbovu ikionekana, inunuliwe siku hiyohiyo.
- Nusu siku. Anayekwenda saa kumi na moja jioni hupewa alaimenti ya saa kumi na moja jioni.

## Maneno matatu utakayoyasikia

Tou ni mwelekeo wa magurudumu ukilitazama gari kutoka juu. Yanaweza kubana mbele, kama miguu ya mtu anayetembea vidole vikitazamana, au kutanuka mbele kama miguu ya bata. Hii ndiyo mla tairi mkuu.

Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele. Juu likilalia ndani, ni hasi; likilalia nje, ni chanya.

Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu linazungukia unapokata kona, ukilitazama gari kwa ubavuni. Ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. Haili tairi sana, lakini ikitofautiana kushoto na kulia gari linavuta.

## Hatua ya 1: Soma matairi ya zamani kabla hayajafunguliwa

Chukua chaki, andika kwenye kila tairi: MK kwa mbele kushoto, MR kwa mbele kulia, NK na NR kwa nyuma. Dakika moja tu. Yakishatupwa pembeni ya duka hutajua lipi lilikaa wapi, na ushahidi wote umepotea.

Sasa tazama lilivyolika:

- Mabega yote mawili yamelika, katikati bado. Upepo ulikuwa mdogo.
- Katikati imelika, mabega mazima. Upepo ulizidi.
- Bega la ndani la matairi yote mawili ya mbele. Tou imetanuka, au kemba imezidi hasi. Hii ni kawaida kwa gari lililoshushwa springi au lenye springi zilizochoka.
- Bega la tairi moja tu. Kuna kitu kimepinda au kimelegea upande huo. Gonga la shimo au ukingo wa barabara ndilo la kushukiwa kwanza.
- Mabonde na vilima kuzunguka tairi. Shokapu zimekufa, au tairi halikuwahi kupigwa balansi.

Kisha tumia kiganja. Hakikisha kwanza hakuna nyaya zilizotokeza, maana zinachana mkono kama wembe. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani ya gari, halafu rudi. Ikiwa kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza kama meno ya msumeno, magurudumu yalikuwa yanabana mbele. Ikiwa ni kinyume, yalikuwa yametanuka. Jicho halioni hali hii hadi imefika mbali. Kiganja kinaipata mapema zaidi.

Piga picha za matairi yote manne na umwonyeshe fundi wa alaimenti. Fundi mzuri ataziomba mwenyewe.

## Hatua ya 2: Chagua tairi

Fuata saizi iliyo kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, si iliyo kwenye tairi la zamani. Mwenye gari wa kwanza huenda alibadilisha. Kwenye 175/65R14, 175 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Angalia tarehe ya kutengenezwa: tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi linaweza kung'aa kwa sabuni na bado likawa limekaa ghalani miaka sita.

Kama gari limetoka Japani karibuni, tafuta neno STUDLESS ubavuni. Hilo ni tairi la theluji, mpira wake ni laini makusudi, na kwenye lami ya joto la Dar es Salaam au Mombasa linaisha haraka hata alaimenti ikiwa sawasawa. Watu wengi wanahangaika na mashine kumbe shida ni hilo.

Ukinunua mawili tu, yafunge nyuma. Najua, kila mtu anafunga mbele kwa sababu mbele ndiko kunakovuta. Lakini kwenye mvua, mbele ikiteleza gari linaenda moja kwa moja na unapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza gari linageuka, na madereva wachache wanaweza kulirudisha. Yale mazuri zaidi kati ya ya zamani yaende mbele.

## Hatua ya 3: Tafuta ulegevu kwanza

Hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea. Usiruke.

Weka gari mahali tambarare, hendibreki juu, mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua mbele, weka stendi. Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata kwa sekunde tano.

Juu na chini. Shika tairi, mkono mmoja juu na mwingine chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki kisha rudia. Kama mchezo umeisha, ni beringi. Kama bado upo, ni bolijointi au bushi ya arm (mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na fremu).

Kushoto na kulia. Shika pande mbili za tairi, tikisa kama unayekata usukani kidogo. Mwenzako aweke vidole kwenye kiungo cha tairodi endi, kisha abane mpira wa raki (chuma kinachosukuma tairodi unapokata usukani) kuhisi kiungo cha ndani. Kiungo kibovu unakihisi kwenye vidole kikigonga kabla hujakiona kwa macho. Mara nyingi cha nje kinabadilishwa na cha ndani kinaachwa kwa sababu kimejificha ndani ya mpira.

Bushi za lower arm. Ingiza mtaimbo kati ya arm na fremu, sukuma taratibu. Mpira mzima unapinda kidogo na kurudi. Mpira mbovu una mpasuko unaofunguka kama mdomo, au chuma cha katikati kinatembea huru. Angalia zaidi bushi ya nyuma ya arm: ndiyo inayopokea kishindo kila unapopanda tuta bila kupunguza mwendo. Ikilegea, unapofunga breki gurudumu linarudi nyuma na tou inabadilika. Ukikanyaga mafuta linakwenda mbele na tou inabadilika tena. Mashine haioni hilo.

Shokapu. Zikivuja mafuta, badilisha mbili mbili. Sikiliza pia mpira wa juu wa shokapu wakati mtu anakata usukani: ukitoa mlio wa springi inayoruka, umechoka.

### Onyo kuhusu bushi mpya

Bushi ya mpira inatakiwa ikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake, au arm ikiwa imeinuliwa kwa jeki hadi mkao huo. Ikikazwa gurudumu linaning'inia, mpira unabaki umejisokota muda wote gari likiwa chini. Unapasuka ndani ya muda mfupi, na kabla haujapasuka unalisukuma gari juu kidogo na kuharibu vipimo. Mwambie fundi: "Kaza mwisho likiwa chini." Akikuuliza kwa nini, endelea kutafuta fundi.

### Kama unataka kuinua gari

Wengi huweka spesa juu ya springi ili gari lipite mashimo. Fanya hivyo kabla ya alaimenti. Kuinua mbele kunabadilisha pembe ya tairodi, na tou inahama papo hapo. Spesa ya sentimita 3 iliyowekwa wiki moja baada ya alaimenti imeifuta alaimenti hiyo.

Umefaulu ikiwa: magurudumu yote manne hayachezi, hakuna mlio unapokata usukani, na vipuri vilivyobadilishwa vimekazwa gari likiwa chini.

## Hatua ya 4: Funga tairi na upige balansi

Rimu isafishwe kutu pale tairi linapokaa, la sivyo upepo utavuja polepole. Valvu ya mpira ibadilishwe. Ni kitu cha bei ndogo na huzeeka sambamba na tairi.

Tairi lenye mshale lifungwe mshale ukielekea mbele. Lenye neno OUTSIDE, upande huo uonekane ukiwa umesimama nje ya gari.

Kwenye mashine ya balansi, risasi zote za zamani (vipande vya uzito vinavyobandikwa kwenye rimu) ziondolewe kabla ya kupima. Mashine ikidai risasi nyingi, tuseme zaidi ya gramu 60 kwenye gurudumu dogo, fundi apunguze upepo, azungushe tairi nusu mzunguko juu ya rimu, apime tena. Mara nyingi kiasi kinashuka sana. Kisipopungua, rimu imepinda au tairi lina kasoro; lirudishe hapohapo kabla halijagusa barabara.

Usichanganye kazi hizi mbili. Usukani unaotetemeka ukifika kilomita 80 hadi 110 kwa saa ni suala la balansi. Gari linalovuta au kula tairi upande ni suala la alaimenti na viungo.

Nati ziingizwe kwa mkono kwanza, kisha zikazwe kwa kuvuka, si kwa kuzunguka. Kwa Toyota ndogo nyingi zenye nati za milimita 12, kiwango ni Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Mashine ya upepo ikiachwa igonge hadi ichoke, inavuta nyuzi za boliti na kupindisha diski, na wewe utapambana na breki inayotetemeka ukidhani ni tairi.

## Hatua ya 5: Weka upepo sahihi

Tairi jipya hujazwa upepo mwingi ili likae kwenye rimu, na maduka mengi huliacha hivyohivyo. Ukipima unakuta 45. Soma stika ya mlangoni. Kwa magari ya kundi hili ni kati ya psi 30 na 36. Pima tairi likiwa baridi, na kushoto na kulia kuwe sawa kabisa. Upande wenye upepo mdogo unalishusha gari na kulivuta upande huo, na fundi atakuwa anarekebisha pembe kufuta kosa la upepo.

## Hatua ya 6: Kwenye mashine

Toa mizigo. Gunia la mchele na madumu ya maji kwenye buti yanashusha nyuma. Isipokuwa kama ni Probox ya biashara inayobeba mzigo siku zote: hapo mwambie fundi, apime na mzigo wa kawaida ukiwemo.

Simama karibu, angalia haya:

1. Gari lililochaguliwa kwenye kompyuta. Mashine nyingi zina orodha ya magari ya Ulaya na Marekani. IST haimo kwa jina hilo. Iliuzwa Marekani kama Scion xA. Vitz iliuzwa Ulaya kama Yaris. Fundi akichagua Corolla yoyote kwa sababu "zote Toyota", kijani utakachoona ni kijani cha gari la mtu mwingine. Mpe kodi ya modeli na mwaka.
2. Mikono ya mashine imekaa sawa kwenye rimu, na gari limesukumwa au magurudumu yamezungushwa ili kompyuta ifute mpindo wa rimu. Hatua hii ikirukwa, rimu iliyopinda inasomeka kama gurudumu lililopinda.
3. Pini za sahani za kuzungukia, zile ambazo magurudumu ya mbele yamezikanyaga, zimetolewa. Zikibaki, magurudumu ya mbele yamefungwa na hayawezi kukaa mkao wao wa asili.
4. Gari limebonyezwa mbele na nyuma mara kadhaa ili springi zitulie.
5. Usukani umewekwa katikati na kufungwa kwa kifaa chake. Kwa gari lenye usukani wa haidroli, injini iwe inaunguruma wakati wa kutafuta katikati.
6. Kipimo cha kabla kimehifadhiwa. Bila hicho huna cha kulinganisha.

Marekebisho yanaanza nyuma kama gari lina pa kurekebisha, kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi. Kwenye gari lenye ekseli moja, nyuma inapimwa tu, na mbele inapangwa kufuata mwelekeo wa nyuma.

Mbele, fundi analegeza nati ya kubana ya tairodi pande zote mbili, pamoja na kibanio cha mpira wa raki. Kibanio kisipolegezwa, mpira unajisokota, unachanika, na mchanga unaingia kwenye raki. Akishapata kipimo, anakaza nati huku ameshikilia tairodi kwa spana ya pili, kisha anatazama kompyuta tena. Kukaza peke yake kunaweza kuhamisha tou, na hapo ndipo kazi nyingi za haraka zinapoharibikia.

## Hatua ya 7: Soma karatasi kabla hujalipa

Vipimo vipo kwa digrii na dakika. Dakika 60 ni digrii 1. Usiridhike na rangi.

Tou ya mbele. Kwa magari haya lengo liko karibu na 0. Linganisha kushoto na kulia: zinatakiwa kukaribia kulingana. Jumla inaweza kuwa sawa huku upande mmoja ukibana na mwingine ukitanuka, na usukani ukakaa upande.

Ili uone kwa nini hili ni kubwa, chukua tofauti ya milimita 3 tu kati ya mbele na nyuma ya magurudumu, tairi lenye kipenyo cha karibu milimita 600. Kila tairi linabeba milimita 1.5 kwenye urefu huo. Maana yake, katika kila kilomita 1 unayoendesha, kila tairi la mbele linaburuzwa kando kama mita 2.5. Ukifika kilomita 10,000, limeburuzwa kilomita 25 kama mtu anayelivuta kwa kamba ubavuni.

Kemba na kasta. Toyota kwa kawaida huruhusu tofauti ya hadi dakika 45 kati ya kushoto na kulia. Gari huvuta upande wenye kemba chanya zaidi, au upande wenye kasta ndogo zaidi. Kama upande mmoja umetoka sana, kuna kitu kimepinda: shokapu, arm, au chuma kinachobeba beringi. Kibadilishwe. Ukiona fundi analeta mnyororo na jeki ili "apinde kidogo", chukua funguo zako. Chuma kilichopindwa hivyo hakina dhamana, na kilichoko pale ni gurudumu lako.

Kwenye Prado na Hilux, kemba na kasta za mbele hurekebishwa kwa boliti zenye jicho la pembeni kwenye lower arm. Zikiganda kwa kutu, zinunuliwe mpya. Mafuta ya kulegeza hayatoshi.

Nyuma. Ekseli ikisoma vibaya upande mmoja, imepinda au bushi zake zimekwisha. Hakuna cha kukazia hapo, na mtu asikuambie "nimeirekebisha nyuma pia".

Umefaulu ikiwa: una karatasi yenye kabla na baada, jina la modeli sahihi, na tofauti za kushoto na kulia ni ndogo.

## Hatua ya 8: Jaribu barabarani, fundi akiwa pembeni

Tafuta barabara iliyonyooka na tambarare. Kumbuka kwetu tunaendesha kushoto, na barabara zimemwagwa kwa mlalo ili maji yatoke; gari kuelea kushoto polepole ni kawaida. Kama unaweza kwa usalama, jaribu katikati ya uwanja mpana.

- Linakwenda moja kwa moja lakini usukani umelala. Tairodi hazikugawanywa sawa. Lirudi kwenye mashine. Usikubali mtu achomoe usukani na kuurudisha meno mawili pembeni: katikati ya raki inapotea, na kuna airbegi pale.
- Linavuta. Badilisha tairi la mbele kushoto na la kulia, kama hayana mshale. Likianza kuvuta upande wa pili, kosa ni la tairi. Likiendelea kuvuta upande uleule, rudi kwenye karatasi. Gusa pia rimu kwa tahadhari: moja ikiwa ya moto sana, kalipa ya breki imeshika.
- Taa ya VSC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze) au ya usukani imewaka. Sensa ya pembe ya usukani inahitaji kurudishwa sifuri kwa kifaa cha kupimia.

## Hatua ya 9: Kama hakuna mashine ulipo

Huu ni ukaguzi wa tou peke yake, lakini ukifanywa kwa subira unaweza kuaminika.

Inua mbele, weka stendi. Paka chaki mkanda wa upana wa vidole vitatu katikati ya kashata, kuzunguka tairi lote. Weka kipande cha ubao mbele ya tairi, kandamiza msumari juu yake ncha ikigusa chaki, usitikisike. Mwenzako azungushe tairi. Unapata mstari mwembamba mmoja, ulionyooka hata kama tairi lenyewe linayumba. Fanya hivyo pande zote mbili.

Shusha gari, libonyeze mara kadhaa, lisukume mbele kama mita 3 usukani ukiwa umenyooka. Usilisukume kurudi nyuma. Viungo hukaa upande mwingine na kipimo hudanganya.

Pima umbali kati ya mistari miwili nyuma ya matairi ya mbele, kwa kimo ambacho tepu itapita bila kugusa chochote, kama sentimita 15 kutoka chini. Pima tena mbele ya matairi, kimo kilekile. Mbele ikiwa fupi, yanabana. Ikiwa ndefu, yametanuka. Tofauti ya milimita 0 hadi 2 inavumilika hadi ufike kwenye mashine.

Ukilazimika kurekebisha, zungusha tairodi zote mbili kiasi kilekile. Kwenye gari lenye raki nyuma ya magurudumu, kurefusha tairodi kunabana mbele. Nenda taratibu: robo mzunguko upande mmoja kwenye gari dogo hubadilisha karibu milimita 2. Sukuma gari, pima tena, kaza nati, pima mara ya mwisho.

## Hatua ya 10: Baada ya hapo

Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Pima upepo kila baada ya wiki mbili, asubuhi.

Ukifika kilomita 1,000, pitisha kiganja kwenye matairi ya mbele kama ulivyofanya hatua ya kwanza. Tairi likiwa jipya, msumeno mdogo tu unaonyesha kosa mapema, wakati bado una karatasi ya alaimenti mkononi na fundi anakukumbuka. Usiposikia kitu, rudia ukifika 5,000.

Hamisha ya mbele nyuma kila kilomita 10,000. Rudi kwenye mashine ukibadilisha tairodi, arm, shokapu au raki, ukiinua au kushusha gari, au ukiingia shimo kwa kishindo kilichokuacha usukani umehama. Nenda na karatasi ya zamani: fundi akilinganisha namba mpya na zile, anajua moja kwa moja upande gani umegongwa.